Watoto Aliowapeleka Idda Mlelwa

Kwa miaka kumi na mitano kazi ya Idda Mlelwa ilikuwa kuhamisha watoto. Katika nyumba ya yatima iliyokuwa Yakobi, mtoto aliyefika umri wa kutoka hakutumwa peke yake wala hakupakiwa kwenye gari la mizigo. Idda alimshika mkono akatembea naye mpaka nyumba nyingine iliyokubali kumpokea. Wasichana aliwapeleka kwenye bweni la misheni ng'ambo ya mji wa Njombe, safari ya asubuhi moja tu. Wavulana aliwapeleka Makambako, kwenye nyumba iliyokuwa karibu na njia panda, na huko ni mwendo wa siku mbili au tatu kwa miguu ya mtoto.

Yeye mwenyewe alilelewa na misheni. Mama yake alikufa wakati wa Maji Maji, Idda akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na masista wa Kijerumani wakamkuza kwa maziwa ya ng'ombe. Alipokuwa mkubwa akaolewa na Abrahamu Mwalongo, ambaye hata mwaka haukuisha akaondoka kwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga. Baadaye mtu wa Lupembe aliyerudi kutoka huko akamletea blanketi la mumewe na habari kwamba amezikwa. Idda hakuwa na mtoto. Akarudi Yakobi kuomba kazi, akapewa ya kupeleka watoto, kwa sababu alikuwa na miguu mizuri na hakuwa na mtu wa kumngojea nyumbani.

Hakuna aliyemfundisha namna ya kuifanya. Siku mbili kabla ya safari alimwambia mtoto anakokwenda, wala hakumdanganya kwamba wanakwenda kutembea tu. Njiani walilala Mtwango kwa mjane mmoja aliyekuwa hakosi kuni kavu. Wakifika, Idda hakutoa karatasi kwanza. Alikaa chini na yule atakayempokea mtoto akamweleza: huyu hukojoa kitandani, msimchape, mwamsheni, huyu haogopi kitu ila mbwa, huyu akinyamaza sana jueni ana homa. Karatasi ilikuwa na jina la ubatizo, mwaka, na jina la jumbe. Yaliyobaki aliyahifadhi kichwani: baba ni nani, mama katoka bonde gani, na nani wa ukoo bado yu hai. Alikuwa ameona kwamba mtoto akihamishwa mara mbili tatu bila mtu wa kumkumbukia hayo, hatimaye hajui kwao ni wapi, na watu wa kwao hawajui kama yupo.

Vita vya Hitla vilipoanza, serikali iliwachukua masista kwa kuwa walikuwa Wajerumani, na hawakurudi. Nyumba ikabaki mikononi mwa mwalimu Hezekia, mtu wa hapohapo Yakobi, mwenye roho safi lakini mwoga. Alikuwa na watoto hamsini na wawili na shamba moja la viazi. Mablanketi hayakuja tena, na chumvi ikawa ya kulambishana kwa ncha ya kidole. Mwalimu akashusha umri. Zamani mvulana alitoka Yakobi akiwa na miaka kumi na minne. Sasa ikawa kumi. Idda alipolalamika akajibiwa kwamba maji yamezidi unga. Kwa hiyo katika muda wa mwaka mmoja na nusu aliwapeleka Makambako wavulana ishirini na watatu, wengine bado wana meno ya utoto.

Safari ya mwisho kati ya hizo ilikuwa Januari mwaka 1943. Alikuwa na wavulana wawili. Walipoingia uani Idda alishangaa kuona ukimya, maana siku zote wavulana aliowaleta zamani walimkimbilia wakimwamkia "Kamwene" kabla hajafika langoni. Siku hiyo walikuja watano, mmoja anachechemea, wengine ni wale wadogo kabisa.

Akaenda jikoni kwa mpishi, mwanamke aitwaye Vestina waliyezoeana, aliyekuwa akipepeta ulezi. Akamuuliza wengine wako wapi.

Vestina hakuinua macho. "Wamepanda lori, Mama. Lori huja kila baada ya miezi miwili. Mzee Tarsis huchagua wenye mikono mizuri."

"Kwenda wapi?"

"Kwenye mkonge. Wakala wa mashamba akija huleta magunia ya mahindi, na mimi huyapika."

Tarsis ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba ile. Idda alimfuata ofisini, naye akampokea kwa upole, akampa kiti. Alieleza kwamba wavulana wamehamishiwa shule ya kilimo upande wa mashariki, kwamba nchi iko vitani na kila mtu ana sehemu yake, na kwamba mpeleka watoto akishakabidhi, kazi yake imekwisha. Kisha akanyoosha mkono kupokea karatasi za wale wawili.

Miaka ya baadaye Idda alipowasimulia watu habari hizi, alisita kila alipofika hapa. Angeweza kuwashika mikono wale watoto akarudi nao. Hakufanya hivyo. Walikuwa wamechoka, mmoja alikuwa na kidonda cha mguu, Yakobi hapakuwa na chakula, na katika maisha yake yote hakuwahi kumbishia mtu aliyekaa nyuma ya meza. Akatoa karatasi. Akaeleza kwamba yule wa kidonda asitie mguu kwenye matope. Tarsis akaitikia kwa kichwa. Idda akatoka, akapita barabarani peke yake bila kugeuka, na wiki iliyofuata, kama alivyokuja kujua, wote wawili walipandishwa lori.

Mwalimu Hezekia aliposikia alishika kichwa. Aliandika barua kwa ofisi ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na baada ya mwezi likaja jibu fupi kwamba hakuna mtoto anayeandikwa kazi za mashamba, sheria hairuhusu. Mwalimu akalikunja jibu akaliweka ndani ya Biblia. Idda akadhani mambo yataishia hapo. Lakini mwezi wa Machi, chakula kikiwa kimebaki cha siku kumi, mwalimu akamwita akampa karatasi nyingine. Ilikuwa ya Elieza, mwenye miaka kumi na mmoja.

Idda akamwambia haendi. Mwalimu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha jilaumu vya kutosha, kwamba asipokwenda yeye atamtuma mlinzi, na mlinzi atatembea mbele bila kumngoja mtoto. Ndipo Idda akaipokea karatasi.

Elieza alikuwa na dada yake, Esteria, mwenye miaka sita. Mama yao alikufa kwa uzazi, na baba yao alikuwa mmoja wa wale waliokwenda mkonge wasilete habari. Tangu siku walipoletwa Yakobi walikula sahani moja. Asubuhi ya safari Elieza alimshika dada yake mkono akakataa kumwachia. Hakulia. Alimwambia Idda kwamba kama Esteria habaki naye, basi yeye atakimbia njiani, na kama Mama ana huruma awachukue wote wawili. Idda aliitazama mikono ile, akaenda ndani akachukua blanketi la pili.

Hawakushika njia ya Makambako. Walipita Uwemba, ambako kulikuwa na misheni ya Wakatoliki, lakini Idda hakusimama, kwa kuwa Uwemba ni karibu mno na habari zingefika Yakobi kabla ya jua kuzama. Alikuwa amesikia kwamba upande wa Lugarawa, katika nchi ya Wapangwa, masista Waafrika wana nyumba ya watoto na hawaulizi sana. Yeye alikuwa Mlutheri tangu kubatizwa, na alijua watakachosema wazee wa usharika wake. Akaendelea kutembea.

Ilikuwa siku tano za mvua. Machi katika milima ile mvua haikatiki, hushuka nyembamba, baridi, na ukungu hufunika njia hata mtu asione mgongo wa aliye mbele yake. Siku ya pili Esteria alianza kukohoa. Walipofika Mlangali watu wakawapa uji na kuwakausha nguo motoni, na mama mwenye nyumba akamshauri Idda apumzike pale siku tatu nne. Idda aliogopa kufuatwa, akakaa siku moja tu, kisha akamfunga mtoto mgongoni. Kifua cha yule mtoto kilikuwa kikipiga filimbi shingoni mwake njia nzima.

Sista aliyewapokea aliitwa Emerensiana. Hakuuliza dhehebu wala karatasi. Alimtwaa mtoto kutoka mgongoni akampeleka moja kwa moja kitandani. Kwa siku tatu walimkanda kwa maji ya moto na kumpa dawa waliyokuwa nayo. Siku ya nne asubuhi Esteria akafa, akiwa amemshika kaka yake kidole. Walimzika chini ya kilima, nyuma ya shamba la ngano la misheni, na Elieza alifukia mwenyewe, akiwakataza watu wazima wasimsaidie.

Baada ya hapo hakusema tena na Idda. Sista Emerensiana alikubali kijana akae kwa katekista, asome na kujifunza kazi ya mbao. Idda alipokuja kumuaga alimkuta amekaa kizingitini. Akamwambia majina ya watu wao, mara mbili, ayashike. Elieza aliziba masikio kwa viganja vyake.

Idda angeweza kubaki huko, na sista alimshauri hivyo. Lakini alirudi Yakobi akamweleza mwalimu Hezekia yote, kwa kuwa Esteria naye alikuwa na nafasi katika kitabu cha nyumba na ilipasa mtu aseme yuko wapi. Mwalimu alilia. Hata hivyo habari zilikuwa zimekwisha fika kwa jumbe, na baraza likamhukumu Idda kifungo cha miezi sita kwa kuiba watoto wawili, mmoja wao akafia mkononi mwake. Alipoulizwa kama ana la kujitetea alisema ni kweli amefia mkononi mwake.

Katika gereza la Njombe aliomba kila wiki aonane na Bwana Shauri, na kila wiki akaambiwa angoje. Mwezi wa tatu wa kifungo chake Bwana Shauri alikuja kukagua gereza. Wafungwa wakapangwa mstari. Idda akatoka mstarini, askari akamshika bega, naye akaanza kusema pale pale huku ameshikwa. Alitaja mvulana wa kwanza aliyempeleka Makambako tangu umri uliposhushwa, jina la baba yake, kijiji chake, mwezi aliomkabidhi. Akataja wa pili, na wa tatu. Bwana Shauri akamwambia askari amwachie, akamwita karani. Idda alitaja wote ishirini na watatu. Yule Mzungu, akidhani labda anabuni, akamwamuru aanze upya, naye akaanza upya, karani akifuata kwa kalamu, na hakukosea hata kijiji kimoja.

Uchunguzi ulichukua muda mrefu. Tarsis akaondolewa, na wakala akanyang'anywa kibali chake. Wavulana waliopandishwa lori walikuwa kumi na wanane. Tisa walipatikana wakarudishwa, mmoja hana vidole viwili. Watatu walionyeshwa makaburi yao. Sita hawakuonekana popote, na kati ya hao sita alikuwemo yule wa kidonda cha mguu.

Nyumba ya Yakobi ilifungwa vita vilipokwisha, na watoto waliobaki wakatawanywa. Hakuna aliyemwita Idda awasindikize. Alilima viazi na ulezi kwenye kipande alichopewa na ukoo wa mumewe. Usharikani wengine walimwamkia, wengine walivuka upande wa pili wa njia. Wazazi wa wavulana waliopotea, wale waliokuwa bado wana mzazi mmoja, walikuja mara kwa mara kumuuliza kama kuna habari. Aliwakaribisha ndani kila mara, ingawa hakuwa na habari.

Mwaka 1956 alifika kijana mmoja mrefu, mwenye mkoba wa randa na patasi begani. Alisema anaitwa Odilo na ni seremala wa misheni upande wa Lugarawa. Idda alimtambua kwa namna alivyosimama kuwa ni Elieza, aliyepewa jina jipya huko, akamwekea kigoda. Kijana alisema anataka kuoa, na wazee wa msichana wameuliza ukoo wake, naye hana la kuwajibu.

Idda alimweleza. Baba yenu aliitwa Lutengano, wa mabonde ya Lupembe, mjukuu wa mfua chuma. Mama yenu alikuwa na dada aliyeolewa huko huko, huenda yu hai. Kijana alirudia majina polepole, midomo ikichezacheza.

Kisha akauliza, "Njia ile ya Lugarawa, ulijua ina baridi?"

"Nilijua."

"Karatasi ilikuwa yangu mimi. Nimeambiwa hivyo. Kwa nini ulimchukua na yeye?"

Idda alimtazama, akaona kwamba hakumbuki. Mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyeushika mkono wa dada yake asubuhi ile akakataa kuuachia hakuwemo tena katika kumbukumbu za mtu huyu mzima.

"Niliamua mimi," akasema. "Nilidhani ni vizuri mkae pamoja."

Kijana akasema kwamba alimchukia miaka mingi, na kwamba hajui kama amekwisha acha. Idda akamwambia hana haja ya kuacha. Akamwandalia viazi, naye akala viwili, akaomba aelekezwe njia ya Lupembe, akaondoka kabla ya adhuhuri.

Hakurudi tena. Mwaka uliofuata mtu wa Lupembe alipita akasema kwamba seremala mmoja mgeni amepokelewa na mama yake mdogo, na kwamba bibi yule alimpapasa uso kwa mikono yote miwili kwa kuwa macho yake yalikuwa yamekwisha pofuka. Idda aliuliza kama walichinja chochote. Mtu yule akasema walichinja jogoo.