Kadi ya Kawa la Haboba

Haboba wangu hasuki kawa bila kujua ni la nani. Haboba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, na kawa ni lile la ukindu la kufunikia sinia la chakula. Ukiliita pambo atakununia hadi magharibi. Kabla ya kukaza mzunguko wa kwanza, ule mdogo wa katikati kama kifungo cha shati, husema bismillahi, kisha hutaja jina la mwenye kawa. Kuanzia hapo kawa lina mwenyewe, na halifuniki kitu mpaka siku ya mwenyewe ifike: ndoa, au mtoto kutimiza siku arobaini, au mtu kurudi kutoka Makka.

Langu alilianza siku barua ya chuo ilipofika. Lilikuwa la kufunika sinia siku ya mahafali yangu. Nyumbani kwetu Kisugu hakuna aliyewahi kufika chuo, na mimi mwenyewe nilifika kwa kujikokota, mtihani wa mwisho nimeurudia. Nikachagua historia, historia ya sanaa na dini. Mjomba wangu, polisi mstaafu, akauliza, "Sasa hiyo kazi yake nini? Utalinda mapicha?" Nikamwambia nitafungua jumba la makumbusho hapahapa barazani kwetu, na yeye atakuwa mlinzi wa mlango. Akasema sawa, ila zamu ya usiku hataki. Mimi ndoto hazinipungukii, hata leo.

Mwaka wa pili mwalimu wa historia akafika kwenye askari walioletwa na wakoloni kutoka Sudani. Nilikaa mbele, maana hao ni babu zangu. Nikasema leo ndiyo leo, leo nitanyoosha mkono. Nyuma yangu alikaa kijana mmoja, mcheshi wa darasa. Akasema kwa sauti, "Kumbe! Babu walishika bunduki za mzungu, wajukuu wanashika vikapu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka. Wala sikucheka kidogo, nilicheka mpaka nikafuta macho. Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Siku nikiwa sina kitu alikuwa akinikatia nusu ya chapati yake ya mayai. Labda ndiyo maana nilicheka. Sijui. Mkono haukunyooka.

Wiki iliyofuata mwalimu wa historia ya sanaa akatutaka kila mmoja alete kazi moja ya mikono kutoka nyumbani na kuiandikia kadi kama zile za makumbusho: ni kitu gani, kimefanywa kwa nini, kinatumika wapi, na nani alikitengeneza. Haboba ndio kwanza alikuwa amemaliza kawa langu, zambarau na kijani, na uzi mwekundu ukizunguka ukingoni. Nilipomwomba niende nalo alisita.

"Siku yake bado."

"Halitafunika kitu, Haboba. Litatazamwa tu. Walimu wanataka kuona mkono wako."

"Mkono wangu mimi?" Akautazama kweli, mbele na nyuma. Kisha akalifukiza kawa udi, akalifungia ndani ya kanga yake nzuri, akanipa.

Darasani nililifungua, harufu ya udi ikatoka. Yule kijana akaja kunichungulia begani. "We! Hii umeitoa wapi? Usiniambie na wewe uko na babu wa bunduki!"

"Mimi? Nimeinunua Ggaba, pale kwa wauza samaki."

Neno likishatoka unalifuata. Nikaandika kwenye kadi, kwa Kiingereza na kwa mwandiko wangu bora, kwamba limenunuliwa soko la Ggaba na kwamba mtengenezaji wake hajulikani.

Mwalimu alilipenda mno. Akaliweka katikati ya chumba akasema, "Tazameni, mtu tusiyemjua alikuwa na hesabu yote hii ya rangi kichwani mwake." Nikapata alama za juu kuliko zote nilizowahi kupata. Kwenye somo la dini nako nikaandika insha juu ya wanawake wanaotaja jina la mtu juu ya kazi yao. Niliwaita "wanawake hao", kana kwamba niliwaona mara moja kupitia dirisha la gari.

Chuo kikaamua kupanga vitu vyetu ukumbini na kualika familia. Barua ya mwaliko niliificha ndani ya daftari. Lakini polisi hata akistaafu ni polisi. Mjomba aliiona, akamsomea Haboba. Yeye akapaka hina.

Nilikuwa nimebeba sinia la soda nilipomwona anaingia peke yake, amejitanda kanga mpya. Mjomba alibaki getini akizungumza na walinzi. Haboba hakuangalia sanamu wala michoro. Alilifuata kawa lake moja kwa moja kama mtu aliyemwona mwanawe kwenye umati. Nikaweka soda chini, nikaenda.

"Limekaa vizuri," akasema. "Na hii karatasi? Inasemaje?"

Nilikuwa na nafasi pale. Tulikuwa wawili tu.

"Imeandika jina lako, Haboba."

"Wapi?"

Nikamwonyesha neno la mwisho. Akalifuata kwa kidole chake chenye hina, herufi moja moja, taratibu, neno lile la Kiingereza linalosema hajulikani. Midomo yake ilikuwa ikicheza kama anajisomea.

Mwalimu akaniita nikasaidie viti. Niliporudi nikamkuta yule kijana amesimama naye. Haboba alitaka kusikia jina lake likitoka katika kinywa cha msomi.

"Kijana, nisomee hapa. Hapa mwisho."

"Hapo? Inasema haijulikani nani alitengeneza, jjajja. Ilinunuliwa tu Ggaba." Jjajja kwao ni bibi.

Haboba akainua macho, akaniona. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.

"Kwani wewe unamjua aliyefanya?" kijana akamwuliza.

Haboba alinitazama kidogo. Nikatazama viti. Akamgeukia.

"Hapana, mwanangu. Mimi nimekuja kutazama tu, kama wewe."

"Aliyefanya hii ako na akili sana, jjajja."

"Alhamdulillahi," akasema Haboba, kama mtu aliyesifiwa. Likamtoka tu. Kisha akaificha mikono yake ndani ya kanga, akaenda zake nje.

Nilipaswa kumkimbilia. Badala yake nilirudi kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nilivipanga safu nzima, nikaanza ya pili, halafu nikakaa juu ya kimoja. Yule kijana akaja na soda mbili.

"Yule mama ni bibi yangu," nikamwambia. "Kawa amenisukia mimi."

"Unacheza."

"Na wale wa bunduki ni babu zangu."

"Nisamehe ile siku," akasema. Kisha akauliza, pole pole, "Lakini sasa, wewe kwa nini ulicheka?"

Swali hilo bado ninalo.

Nilikwenda kwa mwalimu nikamweleza yote, nikamwomba kadi mpya. Alama zangu alizipunguza, na sikuona vibaya. Nikaandika jina la Haboba, na la baba yake, na Kisugu. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nikarudisha kawa nyumbani na kadi ndani yake. Haboba alikuwa anapakua posho, ndio ugali wetu, na maharage. Nikamsomea ile kadi kwa Kiswahili.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Akaniambia nisome mara ya tatu, nikasoma. Akalichukua kawa, akalipangusa kwa kiganja, akalifunika juu ya sinia la maharage.

"Haboba! Siku yake bado!"

"Lilishatazamwa," akasema. "Lifunike maharage." Hakukuwa na hasira yoyote katika sauti yake. Ningeshukuru kama ingekuwepo.

"Na la mahafali?" nikauliza, kama mtoto.

"La mahafali tutamwomba yule asiyejulikana."

Mjomba akapaliwa na posho kwa kicheko. Haboba naye akacheka, mabega yakimtikisika. Nami nikacheka, nikafuta macho, ila safari hii machozi yalikuwa machozi.

Sasa kawa langu linafunika maharage kila siku. Zambarau imeanza kufifia kwa mvuke, na ukingoni pana doa la mafuta. Kila nikiliinua naona aibu, halafu naona njaa, halafu nakula.

Mahafali yangu ni mwaka ujao. Juzi nilimkuta Haboba barazani, ukindu umelowekwa ndani ya beseni. Sikuuliza ni wa nani. Nilikaa chini kando yake, nikawa namkabidhi ukindu mmoja mmoja. Akaushika wa kwanza, akaukunja, akasema bismillahi. Nami nikaushika wa pili mkononi, nikisubiri jina.