Majina Nyuma ya Barua

Harufu ya moshi wa kuni za miwati ikinipata popote, hata katikati ya mji, pua yangu hunirudisha moja kwa moja kwenye dari la jiko la Bibi, kijijini kwetu juu ya Gare. Huko darini, kando ya mahindi ya mbegu, ndiko Babu alikoweka bati lake la biskuti lenye barua. Mahindi yalikaa pale moshini ili yasibunguliwe, na Babu aliona kwamba mdudu anayekimbia mahindi atazikimbia karatasi pia. Hakukosea. Barua zote zilikuwa na rangi ya chai, na ukifungua bati ulipiga chafya kabla hujasoma neno.

Babu alikuwa tarishi wa posta aliyestaafu, na uzeeni akajitafutia kazi ambayo majirani waliiona ni wazimu mtupu. Alitafuta barua zilizoandikwa kwa mkono na watu wakubwa wa zamani, machifu na wapigania uhuru. Alishuka hadi Mazinde, akapanda hadi Mlola, akiitikia shikamoo njia nzima, akiuliza kila nyumba kama marehemu fulani hakuacha barua. Nyingine alizipata kwa kuku, nyingine kwa debe la viazi, nyingine kwa maneno matamu tu. Kila mwaka wakati wa baridi, ukungu ukiwa haujaondoka hata saa nne asubuhi, alikuja Mzee Salehe, mfanyabiashara kutoka Tanga, na kioo chake cha kukuzia, akachagua anazozitaka. Alichotafuta kwanza ni saini. Akiona saini nzuri alinyamaza, na Babu alijua hapo ndipo pa kupandisha bei.

Barua moja haikuwa ya kuuzwa, nayo ilikuwa ya Bibi. Kiongozi mmoja wa wale waliozunguka nchi kudai uhuru, jina lake naomba nilihifadhi, gari lake lilikwama kwenye matope ya njia ya Mlola, akalala kwetu. Aliporudi kwake alimwandikia Bibi kumshukuru kwa blanketi na maharage, na kumuuliza kama yule ng'ombe mwenye mimba ameshazaa. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo alisomewa, miaka nenda miaka rudi, na kila aliyemsomea ilibidi aandike jina lake nyuma ya karatasi. Hiyo ilikuwa sheria yake kwa barua zote. Zamani kijana mmoja alimsomea barua ya kaka yake aliyekuwa akikata mkonge huko bondeni, akaruka pale palipoandikwa kwamba kaka anaumwa, eti asimtie huzuni. Bibi alipokuja kujua, kaka alikwisha kuzikwa. Tangu siku hiyo, ukimsomea unaandika jina, ili akidanganywa ajue wa kumkamata.

Mwaka niliokuwa darasa la tano, Bibi akaanza kututambua kwa kutupapasa nyuso. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema akipasuliwa ataona, ila pesa za kumpeleka hatukuwa nazo. Bibi mwenyewe ndiye aliyesema barua yake iuzwe. Babu alilipekua bati siku mbili akitafuta ya kuuza badala yake, ila katika bati zima hapakuwa na nyingine ya kuifikia.

Asubuhi ya kuja Mzee Salehe, Bibi akaniomba nimsomee kwa mara ya mwisho. Nilisoma taratibu, na pale pa ng'ombe akacheka kama siku zote. Nilipogeuza karatasi niandike jina, nyuma kulikuwa kumejaa. Babu, msomaji wa kwanza, alikuwa ameandika kwa chini, usawa wa saini, kwa adabu zake za kitarishi, na wengine wakajaza juu na chini yake. Basi mimi nikaandika mbele, chini ya saini ya yule mkubwa, kwa kalamu nyekundu niliyopewa zawadi shuleni. Nikapiga na mstari, kama mwalimu. Bibi hakuona, na Babu alikuwa nje akikimbiza kuku wa mgeni.

Mzee Salehe aliishika barua, akanyamaza, na uso wa Babu ukachangamka. Kisha akaweka kioo chini. Akasema kwa upole kwamba majina ya nyuma angeweza kuyaeleza kwa mteja, lakini wino mwekundu wa mtoto, tena usoni mwa barua, hakuna atakayeutaka. Akaanza kufunga mkoba. Nikalia kwa sauti. Bibi akauliza kuna nini, akaelezwa. Hakunigombeza. Alisema nimefanya nilivyofundishwa humu ndani, kisha akamgeukia mgeni.

"Salehe, wewe unataka jina lake, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi likate ulichukue. Mimi niachie maneno, na watoto wangu."

Mzee Salehe akakata kwa wembe, taratibu sana. Jina la Babu, lililokuwa nyuma ya saini, likaondoka nayo, na Babu akatania kwamba sasa na yeye ni mtu mkubwa. Lakini bei ilikuwa imeshuka. Pesa zilitosha jicho moja tu.

Bibi aliporudi kutoka hospitalini aliiomba barua kabla hata ya kuomba chai. Akanitaka nimwonyeshe jina langu, akaliangalia sana kwa lile jicho lake moja, pale chini ya tundu la saini. "Kumbe ndiyo hili," akasema. "Zuri."

Wote wawili wametangulia, na barua iko kwenye kabati langu hapa Lushoto. Moshi umekwisha kabisa, naunusa siupati. Juzi alikuja kijana anayeuza vitu vya kale kwa simu, akaniambia bila saini haina thamani. Nikamwambia bei yake naijua. Nikamwomba anisomee, akajikwaa kila mstari, maana mwandiko wa mkono hajauzoea, ila pale pa ng'ombe akacheka. Nikampa kalamu. Akauliza aandike wapi, nikamwonyesha chini ya jina langu. Akainama kuandika, nami nikamtazama, macho yangu yote mawili yakiwa mazima, na nikaona aibu kama siku ile Bibi alipolitazama jina langu kwa jicho moja.