Metrine Akataa Kiti cha Wagonjwa

Metrine alizaliwa katika nyumba za askari magereza huko Mbale, na Kiswahili chake ni cha kambini: kifupi, kikavu, hakina kubembeleza. Baba yake, Semei, alilinda gereza hadi alipostaafu akarudi Busiu kulima mahindi. Binti alipomaliza sekondari aliugua kifua kikuu, kile kisichosikia vidonge vya kawaida. Alidungwa sindano kila siku, mwezi baada ya mwezi. Kifua kikapona. Masikio yakaanza kuvuma, kisha yakanyamaza kabisa.

Hakuna aliyemdanganya. Daktari alikuwa amewaonya kwamba dawa hiyo huweza kuua seli zenye vinyweleo ndani ya sikio, zile zinazopokea sauti, na Semei alikubali kwa sababu mtoto alikuwa akitema damu. Lakini ukoo ulikutana ukaamua anunuliwe cherehani, akae nyumbani.

“Cherehani mpeni anayeitaka,” Metrine alisema, kwa sauti kubwa asiyoweza kuipima. “Mimi naenda chuo.”

Alijifunza kusoma midomo. Chuoni akakutana na jambo lililomkasirisha: samaki naye ana seli kama hizo, nyingine zimepangana ubavuni kumwezesha kuhisi maji yanavyosogea. Ziue kwa dawa ya jamii ileile, na baada ya siku mbili tatu zimeota tena. Za binadamu hazioti. Kwa nini samaki aweze, yeye asiweze?

Hasira hiyo ndiyo iliyomfikisha Jinja, katika maabara ndogo ya Daktari Bruhan Kirunda pale Nalufenya, palipofugwa samaki wadogo wenye milia ambao makinda yao huonekana hadi ndani, kama kioo. Huko alichunguza vimeng'enya, protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini. Ndani ya kila seli maelekezo ya uhai yamesokotwa kama uzi, na vimeng'enya fulani huweka au kuondoa alama ndogo za kikemia juu yake. Maneno ya maelekezo hayabadiliki, ila sehemu moja hulegea ikasomeka, nyingine ikakazwa isisomeke. Metrine alichagua kimeng'enya kimoja kinachoondoa alama, akakizuia kwa dawa. Kisha akaziua seli za ubavuni; hazikuota tena.

“Umewatia sumu tu,” Kirunda alimwambia. “Samaki anayekufa haoteshi kitu.”

“Hawafi. Mioyo inapiga vizuri. Njoo uone.”

“Metrine, achana na hili.”

“Nikishindwa nitaachana nalo. Sijashindwa.”

Alirudia jaribio. Safari hii baadhi ya makinda aliyaosha dawa ile ya kuzuia akayarudisha kwenye maji safi. Hayo yaliotesha tena: chini ya hadubini seli mpya ziliwaka kijani kwa rangi aliyoyatia. Yaliyobaki kwenye dawa yalikuwa giza tupu ubavuni, ingawa yaliogelea. Kirunda alitazama sana, kisha akageuza uso ili Metrine auone mdomo wake. “Nilikosea,” alisema.

Wakaalikwa Mbale, kwenye mkutano wa madaktari wa kifua kikuu. Semei alikuja kutoka Busiu, viatu vinang'aa kama siku ya gwaride. Mratibu, mama mmoja aitwaye Gorreti, alimshika Metrine mkono.

“Kiti chako ni kile, pamoja na wagonjwa. Daktari Kirunda ataeleza utafiti, halafu wewe utatoa ushuhuda. Watu wataguswa.”

“Sikai pale.”

“Lakini dada, habari yako...”

“Waguswe na samaki wangu. Matokeo ni yangu. Akiyasema mtu mwingine, naondoka.”

Gorreti alimtazama Kirunda, akitumaini msaada. Kirunda aliketi. “Kazi ni yake,” alisema.

Metrine alisimama akaeleza yote. Maswali yalipoanza, ukumbi ulikuwa mpana na midomo ilikuwa mbali, basi Semei akaja mbele yake bila kuitwa, akawa anayarudia kwa Kiswahili cha kambi.

“Anauliza, hii dawa ya masikio itafika hospitali lini?”

“Mwambie haipo. Kimeng'enya hiki kina kazi nyingi mwilini. Ukikigusa ovyo utaumiza mtu. Tumejua tu kwamba samaki anakihitaji ili aoteshe tena. Sasa tunatafuta ni maelekezo gani kinayafungua.”

Semei akamsogelea. “Na wewe mwenyewe je?” Ukumbini hakuna aliyeuliza hilo.

“Mimi pengine nitazeeka kiziwi, Baba. Lakini kunyamaza, sinyamazi.”

Mzee akageukia madaktari, akapaza sauti kama anaita majina getini: “Swali lingine!”

Baadaye Gorreti alimwandikia, akimwomba arudi mwaka ujao kama mtafiti. Metrine alijibu kwamba atakuja, kwa sharti taa za ukumbi ziwashwe zote na kila muulizaji asogee mbele. Kisha akafunga simu akaenda kuwalisha samaki.