Mshambuliaji Aliyefichwa Katonga

Watu wasiofuatilia mpira hawajui kwamba mchezaji anaweza kufichwa. Nikiwasimulia wanadhani natania. Dirisha la usajili likikaribia kufungwa, na timu mbili zinamgombea mtu mmoja, timu moja humchukua ikamweka mahali asipoonekana, simu ikazimwa, mpaka wale wengine wachoke kumtafuta na kuondoka. Basi mahali hapo pamewahi kuwa nyumbani kwangu, chumba cha uani, kwenye kitanda kidogo chenye chandarua cha bluu.

Aliyefichwa alikuwa mtoto wa kaka yangu. Wazazi wake ni wakulima huko Kasulu. Walinikabidhi akiwa darasa la tatu, wakati bado nafundisha shule ya msingi, akakulia kwangu hapa Katonga, kando ya ziwa Kigoma, mpaka akawa mshambuliaji wa timu yetu ya mji. Nasema timu yetu kwa sababu ni yetu kweli. Nina kadi ya uanachama, nina jezi, na nina ngoma ambayo ikikosekana jukwaani watu wanauliza nimefiwa na nani. Niliwahi kutolewa uwanjani na askari kwa maneno niliyomwambia mshika kibendera, na hadi leo nasema alistahili.

Msimu ule mkataba wa mtoto uliisha. Timu moja kubwa ya mbali ikamtuma mtu wake kuja kumsajili, akafikia nyumba ya wageni mjini, si mbali na stesheni ya treni. Timu yetu ikasema haiwezekani, kijana alishaahidi kubaki. Na kweli aliahidi, nilikuwepo, tena nilipiga ngoma. Ilikuwa kwenye mkutano wa wanachama. Walimpandisha jukwaani wakamvika shada la maua ya plastiki, wakamshikisha kamba ya mbuzi mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili, kisha mwenyekiti akamuuliza, "Unabaki au huondoki?" Ukumbi mzima ukalipuka kwa kelele. Yule mtoto akamtazama mbuzi, akatutazama sisi, akasema, "Ndiyo."

Hapo ndipo mgogoro ulipoanzia. Mwenyekiti akashikilia kwamba neno lililosemwa mbele ya watu wote wale ni mkataba tosha. Mtu wa timu kubwa akashikilia kwamba mkataba ni ule uliosainiwa, na uliosainiwa umekwisha. Vijiwe vya kahawa vya Mwanga vikagawanyika, Ujiji nako hivyohivyo, na kwenye lile kundi letu la mashabiki la kwenye simu watu walitukanana mpaka wengine wakajitoa. Mimi nilikuwa upande wa mwenyekiti, na sikuwa mpole.

Ndiyo maana aliponijia asubuhi moja na bajaji iliyoshushwa turubai pande zote, nilijua kabla hajasema. Mwenyekiti wetu ni muuza vitenge pale Mwanga sokoni, mtu nadhifu, viatu vyake vinang'aa hata masika.

"Mwalimu, shikamoo," alisema. "Nimekuletea mwanao. Naomba umkalishe hapa mpaka dirisha lifungwe. Katonga ni pazuri. Wanaume wanavua usiku, mchana wamelala. Wanawake wako na dagaa wao. Nani atamwona?"

Nilijaa fahari, sitaficha. Katika wanachama wote wa timu nimechaguliwa mimi. Mtoto alishuka kwenye bajaji amejifunika taulo kichwani, akaniamkia, akaingia chumbani kwake kana kwamba anatoka shule. Laini yake ya simu ilibaki kwenye pochi ya mwenyekiti.

Sasa, mwenyekiti ni mtu wa sokoni. Anajua bei ya kitenge cha Kongo, lakini mwezi haujui. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi giza likiwepo. Mwezi ukishakuwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo boti zinavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, na wavuvi wote wanakaa nchi kavu kungoja mbalamwezi ipite. Na wavuvi wa Katonga wakikaa nchi kavu wanafanya jambo moja tu. Wanacheza mpira ufukweni tangu chai ya asubuhi mpaka miguu igome. Kumleta mchezaji ajifiche Katonga wakati wa mbalamwezi ni kumficha mbuzi kwenye shamba la mahindi.

Siku ya kwanza alitulia. Alikula samaki wa migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, akalala. Kesho yake mpira ukaanza kudunda nje. Nikamkuta amesimama kwenye kadirisha kake, amekunja uso.

"Shangazi, yule winga wa kushoto anakaa na mpira mno. Mwambie aachie."

"Nimwambie kama nani? Rudi kitandani."

Hakurudi. Mchana alianza kunibembeleza. Eti atakaa golini tu, hatamgusa mtu, golini hakuna atakayemjua. Namjua huyu mtoto, akianza kubembeleza hata jiwe litamwitikia. Nikampa kofia ya sufu iliyomfunika mpaka kwenye nyusi, nikatoka naye.

"Huyu ni mgeni wangu kutoka Kasulu," niliwaambia wavuvi. "Ni golikipa."

Wakamtazama. Wakatazama miguu yake. "Mwakeye," wakamsalimia kwa Kiha, kwa heshima zote, naye akaitikia, akaenda kusimama kati ya ndoo mbili zilizokuwa goli.

Alifungwa mabao ya aibu. Mpira mmoja ulimpita katikati ya miguu, mwingine alianguka upande usiohusika. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya boti. Lakini kuna mahali uvumilivu wake ulikatika. Alidaka mpira, akautazama, akauweka chini. Akatoka nao. Alimpita wa kwanza, akampita yule winga wake, akawapita wote waliobaki kwenye mchanga ule mzito, peku, kofia imemfunika jicho moja, na alipopiga, mpira ulipita katikati ya ndoo za upande wa pili ukaenda kuangukia ziwani.

 Nahodha wa boti kubwa, mzee mwenye sauti nzito, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Mwalimu, golikipa wako anajua kutoka golini."

Ufukwe mzima uliangua kicheko. Wanawake waliacha dagaa kwenye chanja wakaja mbio kuuliza kuna nini. Na hakuna aliyelitaja jina lake, hata mmoja! Tangu saa hiyo akawa golikipa wa Kasulu. Watu waliniletea samaki wabichi wa kuhe kwa ajili ya golikipa wa Kasulu. Majirani walikuja kuomba chumvi waliyokuwa nayo, wakachungulia ndani wamsalimie golikipa wa Kasulu. Siri ile ilitunzwa kwa kupigiwa kelele. Naye alicheza kila siku, akacheka kwa ile sauti yake ya utotoni ambayo nilikuwa nimesahau kama anayo. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nikaanza kuomba mwezi usipungue.

Jioni moja alikuwa ukingoni mwa maji akiosha miguu, mimi nasugua sufuria kando yake.

"Shangazi," alisema, "hapa nimeshawapita wote."

Nilimsikia vizuri sana. Nikajifanya sufuria ina masizi mengi.

Mwenyekiti alirudi siku ya mwisho mwisho, dirisha likiwa karibu kufungwa, na mkataba mpya mkononi. Alishuka kwenye bajaji akitegemea kukuta Katonga iliyolala. Alichokikuta ni mshambuliaji wake wa siri, kifua wazi, amebebwa mabegani na wavuvi wanaoimba, na mimi mbele yao na ngoma yangu.

"Mwalimu! Hivi ndivyo unavyoficha watu?"

Tuliingia uani, tukakaa kwenye mkeka. Mwenyekiti aliuweka mkataba mbele ya mtoto na kalamu juu yake. "Saini tumalize. Yule bwana mjini bado anazunguka kukutafuta."

Mtoto hakuishika kalamu. Alinitazama mimi. Na hapo nikaona kitu kilichokuwa wazi siku zote. Katika kelele zote zile za Mwanga na Ujiji na za kwenye simu, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza chochote bila kumshikisha mbuzi.

"Ngoja, mwenyekiti," nilisema. "Wewe, baba. Unataka nini?"

Alichora chora mchanga kwa kidole. "Naipenda timu, shangazi. Lakini nataka kwenda. Nataka kujua nafika wapi. Nikibaki nitakaa najiuliza maisha yangu yote."

Iliniuma. Iliniuma kama shabiki, ikaniuma kama mama, na sijui ipi iliuma zaidi. Nikapandwa na hasira za kijinga, nikamwambia mwenyekiti chai imekwisha ilhali birika limejaa. Nikaenda jikoni, nikalia kidogo, nikapenga kamasi, nikarudi.

"Mwenyekiti, mtoto anaondoka."

"Mwalimu! Wewe ni mwanachama!"

"Tena mwenye kadi."

"Alisema ndiyo mbele ya watu!"

"Ulimuuliza kama anabaki au haondoki. Mimi nimesahihisha mitihani maisha yangu yote. Swali lile ningelifuta."

Nyuma ya ua wa mabati kikasikika kicheko. Wavuvi walikuwa wamejipanga pale, wanasikiliza. Mwenyekiti akaikunja ile karatasi polepole. Alionekana mchovu, na nilimhurumia, maana mtu yule anaipenda timu kuliko duka lake.

"Basi aende," alisema. "Atafute mwenyewe njia ya kumfikia huyo bwana."

"Hatafuti njia. Tulimleta hapa kwa taulo kichwani kama mzigo wa magendo. Kuondoka ataondoka na watu wake, na wewe ukiwa mbele."

Nahodha hakungoja aulizwe. Boti ilisukumwa majini, injini ikawaka. Mwenyekiti alivua viatu vyake vinavyong'aa akavipakata, akakaa katikati yetu, na tukazunguka kuingia mjini mchana kweupe, ngoma inalia, wavuvi wanaimba nyimbo za timu. Watu bandarini walidhani tumechukua kombe. Tulipanda kilima kwa miguu, tunazidi kuongezeka kila kona, mpaka nyumba ya wageni.

Yule bwana wa timu kubwa alituona dirishani. Aliona umati, ngoma, wavuvi vifua wazi na mwenyekiti mbele. Akajifungia chumbani.

Mwenyekiti akagonga. "Fungua, ndugu yangu. Tumekuletea mchezaji."

"Sifungui!" alijibu. "Mmenidanganya tangu nimefika!"

"Safari hii ni kweli."

"Hata juzi mlisema ni kweli, mkanipeleka Ujiji!"

Mwenyekiti wa timu yetu, aliyekuwa ameapa kwamba mchezaji yule hatatoka Kigoma, alisimama kwenye korido ile peku, viatu mkononi, akimsihi mtu amchukue mshambuliaji wake. Tulicheka mpaka mwenye nyumba ya wageni akatoa viti tukae. Mwishowe mtoto mwenyewe akasema kupitia tundu la kitasa, "Mimi hapa, bosi," na mlango ukafunguka kidogo, kisha wote. Waliposainishana, mwenyekiti alitoa ile laini kwenye pochi akamrudishia, akamkumbatia, na alilia kuliko mimi.

Msimu uliofuata timu yake mpya ilikuja kucheza hapa kwetu. Nilivaa jezi yangu, nikabeba ngoma yangu, na niliwaambia mapema majirani wa jukwaani kwamba leo sina undugu na mtu. Mechi ilikuwa ngumu. Kipindi cha pili alipokea mpira upande wa kushoto, akageuka, na mimi nikajua kabla ya beki wetu. Goli.

Uwanja ulinyamaza. Naye hakushangilia. Wachezaji wa siku hizi wana adabu hiyo, wakiifunga timu iliyowalea wanatulia. Aliinua mikono miwili kama anayeomba radhi, akainamisha kichwa, akaanza kurudi katikati taratibu, na wenzake wakamgusa gusa bega kama mtu aliyefiwa.

Sijui nilipandaje juu ya benchi. Najua tu kwamba nilikuwa juu yake, na ngoma ilikuwa inalia, na kigelegele kilichonitoka kilisikika uwanja mzima maana kilikuwa peke yake.

"Shangilia!" nilimpigia kelele. "Umeenda kote huko ili uje uiname? Shangilia, mtoto wewe!"

Alisimama. Aliitafuta sauti jukwaani, akaiona jezi yetu iliyo juu ya benchi, akaanza kucheka huku amejiziba uso kwa fulana. Kijana mmoja nyuma yangu akanivuta nguo kwa hasira.

"Mama, shuka! Wametufunga!"

"Niache," nikamwambia. "Mwanangu kafunga."