Kivuli cha Mdogo Wangu Kiliandikwa Jina Langu

Nimekosa, na kosa langu lina tarehe. Wengine mtanitetea mkisema sikuelewa. Hapana! Nilieleweshwa kwa upole, nikaelewa, nikatia sahihi kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi ni mjane, mkaaji wa Isiolo. Nilianza masomo nikiwa na miaka arobaini na mitatu, baada ya kumzika mume wangu. Watafiti walipokuja kutafuta watu wazima wa kupigwa picha za ubongo, niliandika kwenye fomu kwamba nimemaliza kidato cha nne. Uongo huo! Nilikuwa bado nasubiri mtihani, ila niliona haya kusema.

Daktari wa utafiti, msichana mpole, alitueleza kwamba mashine yao ya MRI hufuatilia jinsi maji yanavyotembea katika nyuzi za ubongo. Kabla ya kuyaamini majibu yake, lazima mtu yule yule apimwe mara mbili. Vipimo vikilingana, basi siku mgonjwa akionekana amebadilika, daktari atajua huo ni ugonjwa wala si mashine. Mtu yule yule! Alilirudia neno hilo.

Picha ya kwanza nilipigwa Jumanne, tarehe 15 Oktoba. Ya pili ikapangwa Jumanne, tarehe 5 Novemba, asubuhi ile ile ya karatasi yangu ya hesabu. Kama ningeomba siku nyingine, ningeulizwa sababu. Ningejibu nini?

Mdogo wangu, nitakayemwita Akiru, alikuwa amekuja kutoka Gotu kuuza mbuzi. Tumepishana mwaka mmoja na tunafanana hata sauti. Nikampa kitambulisho changu.

"Kazi ni kulala tu, bila kujitikisa?" akacheka. "Hiyo naweza, dada. Hata bila shule!"

"Na wakikuangalia sana?"

"Nitanuna kama wewe. Watajua tu huyu ni madam."

Nikafanya mtihani wangu. Akiru akalala ndani ya mashine kwa jina langu.

Jumatatu, tarehe 18 Novemba, daktari akanipigia simu. Picha ya pili ilikuwa na kivuli kidogo upande wa kushoto, ambacho hakikuwepo katika ile ya kwanza. Akaniomba nirudi. Nilijua kivuli kile ni cha nani.

Nilirudi Alhamisi, nikapimwa tena. Safi kabisa!

"Mama, ile ya katikati ni kama ubongo wa mtu mwingine," daktari akasema akitabasamu.

Nami nikacheka. Ee Mungu wangu, nikacheka!

Wakaandika kwamba kichwa kilitikisika, wakaiweka picha kando. "Utusamehe, mama," akaniambia. "Siku ile hatukukutuliza vizuri." Yeye ndiye aliyeniomba msamaha! Sentensi moja kutoka kwangu ingetosha. Lakini nikawafikiria kina mama wa kanisa ninaowasomea matangazo, nikanyamaza. Nikajidanganya kwamba huenda kweli Akiru alitikisika.

Januari matokeo ya mtihani yakatoka, nikawa nimefaulu. Aliyepiga vigelegele kuliko wote ni Akiru.

Februari akaanza kuangusha vikombe. Akawa anasahau hata majina ya mbuzi wake. Tarehe 3 Machi alianguka zizini, nikamfikisha hospitalini. Uvimbe ulikuwa umeshakuwa mkubwa.

"Amewahi kupigwa picha ya kichwa?" daktari wa pale akaniuliza. "Hata ya zamani itatusaidia kujua unakua kwa kasi gani."

Akiru alinishika mkono, ulimi mzito, akijaribu kusema kitu. Nikamvutia shuka hadi kidevuni.

"Hapana, daktari," nikajibu. "Hajawahi."

Niliishi na jibu hilo siku kumi na moja. Tarehe 14 Machi likanishinda, nikasema yote. Picha ikatolewa kule ilikowekwa, na kivuli kilikuwepo, kidogo kama punje ya mahindi. Daktari wa upasuaji aliitazama. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Alisema tu kwamba wakati ule uvimbe ulikuwa bado mahali panapofikika kwa kisu.

Tulimzika Gotu tarehe 9 Aprili. Alikuwa na umri wa miaka hamsini.

Ndugu msomaji, ukiitwa kupimwa, nenda mwenyewe au sema huwezi. Kipimo hakijui aibu zako. Kinaamini jina uliloliandika, na madaktari wanakiamini. Aibu niliyoikimbia ingekuwa ya asubuhi moja. Ningekuwa nimeimaliza kabla ya chai ya saa nne!

Na wewe ambaye tayari kuna picha, damu au karatasi ya hospitali yenye jina lako na si yako, usingoje. Inuka sasa hivi umtaje mwenyewe halisi, angali anaweza kuitika.