Ndoo ya Kachori na Sambusa

"Haya maji ni ya bomba, baba. Umeyatia sasa hivi."

Miska alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake akikasirika, na hata asipokasirika. Kapiga magoti jikoni kwa babake, flati ya ghorofa ya tatu kule Barking, London, pua kaiingiza kwenye ndoo nyeupe. Mkono mmoja kashika kitambaa, na ndani ya kitambaa yumo Kachori, kafa.

"Wallahi yamekaa tangu jana asubuhi," Talib akajibu kwa Kiswahili. "Nimeyakinga kwa mkono wangu kabla sijatoka. Muulize bibi yako."

"Nusa basi. Yananuka kama bwawa la kuogelea la shuleni."

Talib hakunusa. Alikuwa amesimama na kikombe cha chai, nguo za kazi tayari mwilini, saa anaiangalia kwa jicho la pembeni.

Kachori alikuwa kaa. Si kaa wa kupika, ni wale wadogo wanaoishi ndani ya gamba la konokono, wakikua wanahamia gamba kubwa zaidi. Miska alikuwa nao wawili, Kachori na Sambusa. Mamake, Zahra, anakaa Kenton, na siku alipowaona alisema wadudu hawaingii nyumbani kwake. Talib akaona hapo ndipo pa kujipatia sifa, akasema waje kwangu. Tangu siku hiyo, mtoto ambaye zamani alikuja kwa babake mara moja kwa mwezi, tena kwa kuburutwa, akawa anakuja kila Jumamosi mwenyewe, begi mgongoni, analala mpaka Jumapili. Talib alijua fika kwamba hakuwa akifuatwa yeye. Lakini mtu aliyepungukiwa hachagui sana.

Na kaa wenyewe wana mambo. Miska aliandika yote kwenye karatasi akaibandika kwenye friji. Wanataka bakuli mbili, moja ya maji matamu, moja ya maji ya chumvi, na chumvi iwe ile ya bahari ya duka la wanyama, si ya jikoni. Kila bakuli liwe na kipande cha sponji wapandie, wasizame. Jumapili waogeshwe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, wapite wenyewe, wasilazimishwe. Maji ya bomba ni marufuku mpaka yakae wazi kwenye ndoo kutwa kucha, ile dawa ya kusafishia ipeperuke. Maana hawa wanavuta pumzi kwa mashavu kama samaki, na maji wanayabeba humo humo ndani ya gamba. Yakiwa mabaya, mnyama anakaa ndani ya sumu usiku na mchana na hana pa kukimbilia.

"Ametoka kwenye gamba lake, baba," Miska akasema. "Huwa hawatoki. Ametoka kwa sababu yalikuwa yanamuunguza. Wewe huwa husomi karatasi. Huwa unasema ndiyo halafu unaondoka."

Hilo la kuondoka ndilo lililomchoma. Ilikuwa sauti ya Zahra hasa, ila imetoka kwenye kinywa cha mtoto wa miaka kumi.

"Sasa Jumapili iliyopita nani alimuogesha?" akasema. "Mimi? Si wewe? Na hiyo mikono yako imejaa yale mafuta ya kunukia unayojipaka kutwa. Hayo ndiyo yaliyomuua, usinisingizie mimi."

Miska akaiangalia mikono yake. Hakulia. Akamweka Kachori chini taratibu, akaenda ukumbini kumpigia mamake simu aje amchukue. Talib akasema, "Nakuja," akashuka ngazi, maana gari lilikuwa linamngoja.

Huyo ndiye Talib. Alizaliwa Wete, shule akaiacha kidato cha pili, hakufukuzwa na mtu wala hakukosa ada, aliinuka tu siku moja katikati ya somo la jiografia akaenda zake. London aliingia mwaka tisini na sita kwa mambo ya siasa, kama Wapemba wengine wa wakati ule. Akafanya kazi kwenye tanuri la mikate, akaacha. Akafanya kwenye nyumba ya wazee, wazee wakampenda, akaacha. Akapanga vifurushi ghalani, akaacha kabla ya chai ya saa nne. Hata ndoa yake na Zahra haikuvunjika kwa kishindo. Walikuwa mezani wanazungumza yao, akasema nakuja, na alivyorudi yule mwanamke alikuwa ameshachoka kungoja. Sasa miaka mitatu yuko na Telesphor, mtu wa Bukoba mwenye gari la kuhamishia watu vyombo, na Telesphor husema Talib kadumu kwa sababu kazi yenyewe ni ya kuondoka.

Mamake, Bi Mwatima, Talib alimleta kutoka Pemba mwaka elfu mbili na moja. Wanakaa wawili, na kwa sababu Talib hakai, ukweli mama anakaa peke yake.

Jumamosi ya kwanza baada ya ugomvi Miska hakuja. Ya pili hakuja. Talib akapiga simu Kenton, Zahra akapokea.

"Hataki," akasema. "Ulimwambia nini? Mtoto ananawa mikono mpaka ngozi inambanduka."

"Sijamwambia kitu. Atazoea."

"Atazoea nini, Talib?"

Talib akasema kuna mtu mlangoni, akakata simu.

Jumatano iliyofuata walikuwa na mzigo wa kupeleka Luton, Telesphor akataka watoke mapema. Talib akaamka alfajiri, kitu ambacho si kawaida yake. Akasikia maji bafuni. Akachungulia, akamkuta mamake, kanga ya kusalia bado kichwani, kainamia beseni la kuogea anamwaga ndoo nyeupe. Akaisuuza mara mbili. Akafungua bomba akaijaza pomoni, kisha akaiburuta mpaka jikoni akaiweka pale pale ilipokuwa.

"Mama, wafanya nini?"

"Namwaga maji. Yamelala wazi."

"Kila siku wamwaga?"

"Kila siku nikimaliza kusali, mwanangu. Chombo hakilali wazi, si nilikufundisha hivyo tangu mdogo? Shetani apitia humo, na wadudu, na maradhi. Hukuweka kifuniko, nami nikaona haya kukukumbusha mtu mzima. Basi nayamwaga nakutilia mapya."

Talib akakaa kwenye kiti cha jikoni. Akahesabu mwenyewe kichwani. Anakinga asubuhi, yanakaa kutwa, yanakaa usiku, mama anayamwaga alfajiri, yeye anaamka saa mbili anachota yale yaliyotoka bombani muda si mrefu, anawatilia kaa bakuli mbili kwa roho safi. Na Jumapili Miska anachota humo humo anamuogesha Kachori.

"Yalikuwa ya wale kaa," akasema. "Yatakiwa yalale wazi. Ndiyo dawa yake."

Bi Mwatima akamgeukia. "Ungeniambia."

"Karatasi iko kwenye friji."

"Karatasi ya Kizungu. Ungeniambia, Talib. Wewe kila kitu waniambia uko mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Mama nakuja, mama nakuja. Haya, miaka yote nangoja ufike."

Talib akaitazama ile karatasi kwenye friji.

"Kwa hivyo ni mimi niliyemuua yule kipenzi cha mtoto," Bi Mwatima akasema.

"Si wewe."

"Nani basi? Mwambie ni mimi. Mimi mtu mzima, nitaomba radhi yangu. Yeye asilibebe kosa hili."

Akaenda chumbani, akafungua kasha lake alilokuja nalo, akatoa kawa la ukindu, lile la kufunikia sinia la chakula. Akaliweka juu ya ndoo. "Hili lapitisha hewa," akasema. "Shetani hapiti."

Jumamosi Zahra akamleta Miska. Hakuja kukaa, kaja kumchukua Sambusa, maana mwalimu wake kakubali kaa akae darasani. Zahra akasema anakwenda dukani, baada ya nusu saa atapiga honi chini.

Talib alikuwa kajiandaa. Usiku kucha alikuwa anayapanga maneno, na maneno yenyewe hayakuwa mengi. Maji yalikuwa na siku mbili chini ya kawa. Sambusa alikuwa kwenye tangi lake la kioo, kajificha ndani ya gamba, miguu miwili tu imechomoza.

Miska akaingia, akamwamkia bibi yake, akafungua begi. Akatoa glavu za mpira, za njano, zile za kuoshea vyombo. Akazivaa. Zilimfika viwikoni, na vidole vyake havikufika nusu. Akajaribu kumnyanyua Sambusa, glavu zikateleza, akajaribu tena. Hapo zamani huyo kaa alikuwa akimtembeza kwenye kiganja akicheka anatekenywa.

"Vua glavu, mwanangu," Talib akasema.

Miska akatikisa kichwa, akasema kwa Kiingereza kwamba hataki kumuua na huyu.

Bi Mwatima alikuwa kwenye kochi na tasbihi yake. Kizungu hakijui, lakini akamtazama mwanawe. Talib akachuchumaa kando ya tangi. Akafungua mdomo, na simu ikalia mfukoni. Telesphor, yuko chini, kaegesha mahali pabaya, kuna kabati la watu la kuhamisha kule Neasden na mwenye nyumba anataka funguo zake adhuhuri.

"Miska," Talib akasema. "Si mikono yako."

Mtoto akainua uso. Akauliza kwa Kiswahili, ambacho babake hakukumbuka lini mara ya mwisho alikisikia kinywani mwake. "Nani basi?"

Lilikuwa jibu la maneno matatu manne tu. Kwamba maji hayakukaa. Kwamba yeye hakumwambia bibi. Kwamba siku ile alimrushia mtoto kosa kwa sababu alikuwa anachelewa. Chini Telesphor akapiga honi, mara moja, mara ya pili, na kama maisha yake yote, miguu ya Talib ikasikia kabla ya masikio.

"Nitakwambia nikirudi," akasema. "Kuna kabati la watu. Nakuja."

Akavaa kiatu kimoja, akatafuta cha pili. Alijua kwamba akirudi Sambusa atakuwa Kenton, na Miska pia. Mlangoni akageuka. Bi Mwatima alikuwa ameweka tasbihi kando, anainuka kwa tabu kuelekea kwenye tangi, na Miska bado alikuwa amesimama vile vile, glavu za njano hewani, anamngoja babake amalize sentensi.

Akashuka ngazi mbili mbili. Kamba za kufungia mzigo zilikuwa kwenye kiti cha mbele, akaziweka mapajani, akafunga mlango wa gari.