Wimbo Aliotaniwa Nao Baba

Bibi mzaa baba alipozikwa Kasansa, watani wa ukoo wetu walifanya kazi yao kama desturi inavyowaruhusu. Mmoja alilala kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Kisha wote wakamwimbia baba kwamba jicho lake moja linalia na jingine linachungulia chungu cha nyama. Baba, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametamka neno, alicheka mpaka akakaa chini.

Maneno hayo niliyanakili. Leo nasoma shahada ya pili na natakiwa kujua kupambanua mambo, lakini bado sina hakika kama kosa langu lilikuwa kunakili, kuimba, au lile la mwisho.

Tulikuwa vijana wanne wa Magamba, Mpanda, wenye magitaa mawili na spika iliyokula betri ya gari. Tuliupigia magitaa wimbo ule, tukapanda treni kwenda Dar es Salaam kurekodi, na kabla ya mavuno redio ilikuwa ikiurusha kila siku. Waliokuwa wakitulalamikia kwa kelele sasa walitusimamisha njiani kutushika mikono. Aliyeimbwa ni nani, walijua waliokuwapo mazishini tu.

Nilikwenda Kasansa kuomba radhi, nikihofia kwamba baba angenitenga. Alikuwa akipura mpunga pamoja na yule mtani wa kaburini.

“Mwizi huyo!” mtani alipaza sauti. “Nyie mmepanda treni na wimbo wangu, mkaniacha na njaa yangu. Hata kuku?”

Baba hakucheka. “Huyu ni mtani wangu,” aliniambia. “Wewe ni mwanangu.”

Sikuelewa kama alikuwa amenikemea au amenifafanulia desturi tu.

Jumapili iliyofuata, mchana, tulipiga kwenye uwanja wa mpira Mpanda. Baba alisimama mbele, amevaa koti lake la misa. Umati ulipoudai wimbo, nilifuata uamuzi nilioupima wiki nzima: nililaza gitaa chini, nikamwinamia baba kwa adabu, wenzangu wakaendelea. Watu walifuata macho yangu.

“Kumbe ndiye huyu mzee!” mwanamke mmoja alisema, na kicheko kikasambaa.

Tulipopumzika, baba alinijia nyuma ya jukwaa.

“Kwa nini uliacha kupiga?”

“Nilikuwa nakuheshimu, baba.”

“Hapa mjini nilishawaambia watu kwamba aliyeimbwa ni yule mtani wangu. Walikuwa wanamcheka yeye.” Alilitazama gitaa, kisha mimi. “Panda tena, upige. Wakikuona unapiga, watadhani wamekosea, maana mtoto hamtanii baba yake.”

“Mbele yako, baba?”

“Wewe panda.”

Nilipanda. Niliupiga wimbo wote bila kuacha ubeti, nikitazama vidole vyangu, nikijaribu kuamua kama namtii au namtukana. Nilipoinua uso, pale alipokuwa amesimama baba palikuwa na vijana wawili wakicheza.